Nikiacha tasnifu nikatazame ndege najiona kama mwizi, ni mimi peke yangu?

Chapta_ya_Nne

Wakuu habari za muda huu. Naomba niseme ukweli maana humu hakuna anayenijua. Nipo mwishoni mwa masta, madarasa nilishamaliza, mitihani nilishamaliza, kimebaki kitu kimoja tu tasnifu na hicho kimoja ndo kinanimaliza mimi. Chapta tatu za kwanza zimepita, ya nne imerudi mara tatu, na hii ya mwisho supavaiza kaweka maneno yaleyale pembeni karibu kila aya, "Kwa hiyo?" Ukurasa wa kwanza kwa hiyo, wa pili kwa hiyo, wa sita kwa hiyo. Nimeyaangalia hayo maneno mpaka yamekuwa kama mchoro tu.

Sasa tatizo langu sio hilo, hilo nimelizoea. Nje ya dirisha ninaposomea kuna mti, miezi yote hii sijawahi hata kuuangalia vizuri, sasa hivi karibuni wamehamia mnana. Kuna dume mmoja wa njano mwenye kichwa cheusi, huyu jamaa ndo kaniteka. Anakuja na unyasi mrefu kumshinda yeye, anaukanyaga kwa mguu mmoja kwenye kijiti halafu mdomo unaanza kazi, anachomeka, anazungusha, anachomoa upande wa pili, anavuta. Anaanza na duara kama hereni, halafu anasimama humohumo ndani ya duara anajenga kwenda mbele mpaka pale mdomo wake unapofika, yaani kipimo cha nyumba ni mwili wake mwenyewe. Akimaliza ananing'inia chini ya kiota kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa anaita majike. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyasi kama mtu anayekagua mshono, anatoka, anaondoka zake. Hakuna maelezo. Siku ya pili hivyohivyo, kiota kikaanza kukauka kikawa kahawia. Juzi asubuhi nakuta dume anakifumua chote, unyasi mmoja mmoja anaudondosha chini, na mchana kaanza upya kijiti kilekile. Nilicheka kwa sauti peke yangu chumbani. Nikasema huyu naye kaambiwa kwa hiyo.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya muda mrefu sana. Basi siku hizi kila siku naenda dirishani dakika ishirini, siku nyingine nusu saa, na muda huo nakuwa na furaha kabisa ya kweli. Halafu nikirudi kwenye kiti roho inanisuta, najiona kama nimeiba muda wa mtu. Nyumbani wakipiga simu swali ni moja, unamaliza lini, sasa naanzaje kuwaambia asubuhi nilikuwa namtazama ndege akibomoa nyumba yake.

Naombeni mawazo, hii ni kupumzika au ni kukwepa kazi kwa heshima? Na nyie mliomaliza mlikuwa mnashikilia nini ili msichanganyikiwe? Msiniambie niende likizo, muda sina hela sina, nauliza vile vidogovidogo vya bure.

---

Mchokonozi

Mkuu humu utapewa maneno matamu lakini mimi nakwambia unakwepa kazi. Najua kwa sababu nimepita hukohuko. Mimi nilianza kwa kumwagilia maua ya dirishani asubuhi, nikasema yananituliza. Wiki iliyofuata napalilia, wiki iliyofuata nimehamisha bustani nzima upande mwingine, nikapaka na ukuta rangi. Chapta haikusogea hata sentensi. Nilipokaa kufikiria nikaelewa, ukipalilia asubuhi jioni unaona palipopaliliwa, tasnifu unaandika kutwa nzima jioni kurasa zimepungua. Nani hataki kushika jembe?

Kwa hiyo angalia usije ukajikuta unamjengea huyo ndege nyumba ya ghorofa.

---

Chapta_ya_Nne

Hahaha Mchokonozi umenigusa. Jana nilikuwa nawaza kutafuta darubini.

---

Nusu_Usiku

Mkuu Chapta usimsikilize sana huyo ingawa kwenye bustani kasema kweli. Mi nimesomea saikolojia ngoja nichangie, itakuwa ndefu kidogo samahani.

Umakini tunaotumia kusoma na kuandika ni ule wa kujilazimisha, unajizuia usifikirie mengine ili ushike moja, na ule unachoka. Ukichoka hujui kama umechoka, unachoona ni kwamba unasoma aya moja mara tano haiingii, unakuwa na hasira za bure, unamjibu mtu vibaya kwa kuuliza tu umekula. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walilieleza hili kitambo, kwamba kuna vitu vinavyoyavuta macho kwa upole, mawingu, majani yakitikisika, maji yakipita, ndege kama huyo wako. Vinakushika bila kukudai kitu, na wakati vimekushika ule umakini wa kujilazimisha unapata nafasi ya kulala. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho wakalijaribu, wakawapa watu tarakimu wazitaje kinyumenyume, halafu wengine wakatembea karibu saa nzima kwenye bustani ya miti wengine katikati ya mji kwenye magari, wakirudi wanapimwa tena. Waliotoka mitini walifanya vizuri zaidi, waliotoka mjini walibaki palepale. Na kitu ninachokipenda mimi, hata waliotembea Januari kwenye baridi ya kule, ambao wenyewe walisema hawakufurahia, bado walipata faida. Maana yake sio lazima uwe mtu wa kupenda maua na mashairi, inafanya kazi tu.

Sasa linganisha na kile wengi wetu tunachokiita mapumziko, simu. Umechoka kusoma maneno kwenye kioo kikubwa unaenda kusoma maneno kwenye kioo kidogo. Simu inakushika sawa, lakini inakudai, jibu huyu, kasirika hiki, angalia mwenzako kamaliza yuko na joho. Unarudi umechoka kuliko ulivyoenda. Kwa hiyo mimi swali langu kwako sio umekaa dirishani dakika ngapi, swali ni ukirudi kwenye kiti ile aya inaingia au haiingii? Kama inaingia umepumzika. Kama ukirudi unatafuta sababu nyingine ya kuinuka basi Mchokonozi kashinda.

Na usidharau kwamba ni dirishani tu hujatoka nje. Roger Ulrich mwaka 1984 alichapisha utafiti wa wagonjwa wa hospitali moja huko Pennsylvania waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo, wengine dirisha lao lilitazama miti wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi.

---

Mchokonozi

Wagonjwa wangapi?

---

Nusu_Usiku

46. Najua unachotaka kusema.

---

Mchokonozi

Sijasema kitu 😂 ila nitasema kuhusu ile ingine wanayoitaja kila mahali, ya dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili. Ile ilitoka 2019, watu karibu elfu 20 wa Uingereza, na ni kweli waliofikisha saa mbili kwa wiki walijieleza kuwa na afya na raha zaidi. Lakini mtu mwenye afya na raha si ndo mwenye nguvu ya kwenda kutembea msituni? Anayeumwa mgongo na ana madeni yuko kitandani. Kwa hiyo mtu asije hapa akakupa saa mbili kama dozi, ukakosa dakika kumi ukajiona umefeli na hilo nalo. Tasnifu yenyewe ina vipimo vya kutosha.

---

Mama_Pacha

Hamjambo jamani. Mdogo wangu Chapta mimi nusu saa dirishani ningeipata wapi, nilimalizia digrii nikiwa na mapacha wanatambaa na kazi ya mchana. Nilikuwa naandika kuanzia saa nne usiku wakilala mpaka nikiona herufi zinaogelea. Ndege huo usiku hakuna, kuna bundi tu na yeye hataki mazoea.

Lakini nikupe kimoja changu. Mimi nimesomea udongo. Na nikwambie ukikifanyia utafiti kitu unachokipenda unaweza kufika mahali ukakichukia, mimi nilifika mahali nikiona udongo kwenye viatu nasikia kichefuchefu, kwangu udongo ulikuwa sampuli, mifuko yenye namba, jedwali lisilokubali kujumlisha. Basi usiku mmoja nimekwama, mvua ikaanza baada ya ukame mrefu, matone ya kwanza yale makubwa yanayorusha vumbi. Nikafungua mlango wa nyuma nikakaa kwenye ngazi, ile harufu ikanijia. Unaijua, kila mtu anaijua. Na mimi nilikuwa naijua kwa jina kabisa, wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina mwaka 1964, na sehemu yake kubwa inatokana na kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni kinaitwa jiosmini, pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa chembe chache ndani ya trilioni. Hayo yote nimeyaandika kwenye utangulizi wangu na nikayarekebisha mara nne kwa sababu ya koma. Lakini nilikuwa sijainusa. Nadhani miaka miwili sijainusa kwa kukusudia. Nilikaa pale kwenye ngazi miguu inalowa, nikalia kidogo sitaki kudanganya, halafu nikakumbuka nilichagua hii fani kwa ajili ya hii harufu, tangu nikiwa mtoto nachezea tope na kupigwa kwa ajili ya nguo.

Sikuandika kitu usiku ule. Nilioga maji ya moto nikavaa soksi kavu nikalala. Soksi kavu jamani, mtu asikudanganye, miguu ikipata joto hata chapta ya nne inaonekana ya binadamu.

Vingine vyangu vilikuwa vidogo hivyohivyo, shuka lililoanikwa juani siku hiyohiyo, dakika tano za kukaa kimya kwenye ngazi kabla sijaingia ndani kutoka kazini maana nikishaingia mimi sio wangu tena. Mume wangu alijua zile dakika tano, alikuwa anawashika watoto wasikimbilie mlangoni. Hicho ndo kitu kikubwa alichokifanya kwenye digrii yangu na hakijaandikwa kwenye shukrani, inaniuma mpaka leo.

---

macho_manne

Mimi nachangia fupi. Ukikodolea laptopu misuli ya ndani ya jicho inakuwa imekaza muda wote na kupepesa kunapungua, ndo maana macho yanakauka kichwa kinagonga. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa macho ni kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Mnana wako yuko umbali gani?

---

Chapta_ya_Nne

Kama mita nane hivi. Kumbe niko kwenye matibabu.

Mama Pacha dada yangu hiyo ya kunusa nimeisoma mara mbili. Mimi nafanya takwimu, sina harufu ya kurudia 😅 lakini nimekuelewa.

---

kivulini_tu

Vijana shikamooni mnipe nafasi, mimi ni mzee kidogo, nilimaliza PhD kwa miaka saba wakati ilitakiwa minne kwa hiyo kwenye kukwepa mimi ni profesa.

Kuna Charles Darwin, yule wa mageuko ya viumbe. Nyumbani kwake Uingereza alikuwa na kinjia cha mchanga kinazunguka kichaka cha miti, alikuwa anazunguka hapo karibu kila siku akiwaza. Alikuwa anapanga vijiwe mwanzoni mwa njia, kila mzunguko anapiga kimoja pembeni, ili asihangaike kuhesabu. Tatizo gumu linapewa vijiwe vingi. Nilipolisikia hilo nikaliiba kama lilivyo. Mimi nilikuwa na vijiwe vitano mfukoni, nazunguka nyumba, nikimaliza duru moja naweka kimoja dirishani. Vitano vikiisha narudi ndani hata kama sijapata jibu. Chapta hapa ndo nataka unisikilize, kinachokusuta sio kumtazama ndege, kinachokusuta ni kwamba hujui mwisho wake. Mtu anayejua atarudi saa ngapi hana cha kuiba. Ukienda dirishani huku moyo uko kwenye kiti, na ukirudi kwenye kiti moyo uko dirishani, ndo unalipa mara mbili na hupati hata kimoja.

La pili, usiinuke kwenye kazi ukiwa umekwama. Hili lilinichukua miaka kulijua. Nilikuwa nainuka nikishindwa, kwa hiyo kila nikirudi narudi kwenye kushindwa, nani anataka? Baadaye nikawa nainuka katikati ya sentensi ninayoijua mwisho wake. Naiacha imekatika hivyo hivyo, natoka na vijiwe vyangu, nikirudi naimalizia ile sentensi na gari limeshawaka.

Na simu iache ndani. Siisingizii simu, mimi yangu ilikuwa ya kuangalia saa tu nikajikuta nazunguka nyumba nasoma habari za watu nisiowajua, nikajikwaa kwenye ndoo.

Kingine ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa tano nilikuwa nimekata tamaa kabisa, nilikuwa naenda kukaa chini ya mti mmoja nyuma ya maktaba, sio kutafuta furaha, nilikuwa tu sitaki kuonekana na watu. Kulikuwa na msafara wa chungu unapita palepale kila siku, njia moja hawaibadilishi. Nikaanza kuwawekea kijiti katikati. Wa kwanza anasimama, anazungukazunguka, wanarundikana, halafu mmoja anapita pembeni na wengine wote wanamfuata na njia mpya inabaki. Nilifanya hivyo siku nyingi, mtu mzima na familia. Sikupata fundisho lolote hapo usinielewe vibaya. Nilikuwa tu nataka kujua kesho watapita wapi, na kwa kipindi kile ndo kitu pekee kilichonifanya nitake kesho ifike. Ukiona umefika kiwango hicho usiishie kwa chungu, tafuta mtu uongee naye, mshauri wa wanafunzi, daktari, ndugu, mimi nilichelewa.

---

Nusu_Usiku

Mzee wangu marahaba kwa niaba ya vijana 😄 ila shikamoo tulitakiwa tukupe sisi. Asante kwa hiyo ya mwisho. Na kwa anayesoma hii kimyakimya, kama usingizi umepotea wiki kadhaa, chakula hakipandi, na vile vitu vilivyokuwa vinakufurahisha havikugusi tena, hiyo sio uvivu wala stresi ya kawaida ya kumaliza chuo. Hapo miti haitoshi, nenda ukaonwe.

---

mgeni_wa_leo

Mi nipo ghorofani, dirisha linatazama dirisha la jirani, mti wangu ni waya wa simu. Nina buibui bafuni. Inahesabika?

---

Mama_Pacha

Anasuka au amekaa tu?

---

mgeni_wa_leo

Anasuka. Kila nikioga mvuke unambomolea upande mmoja, asubuhi nakuta kashona.

---

Mama_Pacha

Inahesabika.

---

Mchokonozi

Hivi nyie wote mnasoma masta ya wadudu?

---

Chapta_ya_Nne

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu naona uzi ulikuwa umelala. Mrejesho mfupi.

Vijiwe nilijaribu nikavipoteza siku ya pili, sasa natumia saa ya mezani, ile ya mshale, naigeuzia dirishani. Dakika ishirini. Simu inakaa jikoni. Ile ya kuacha sentensi katikati mzee Kivulini umeniokoa, ingawa siku moja niliacha sentensi nikarudi sijui nilikuwa nataka kusema nini, nimeitazama mpaka usiku, nikaifuta. Na nilipoacha kujisuta nikajikuta naenda mara chache zaidi, sijui kwa nini, labda nilikuwa nakaa muda mrefu kwa sababu nilikuwa sijatosheka.

Yale maneno "kwa hiyo?" nimeanza kuyajibu. Nilikuwa nadhani ni matusi, kumbe supavaiza alikuwa anauliza kweli. Meza za takwimu ninazo kumi na moja na hakuna hata moja niliyosema inamaanisha nini. Nimezipunguza zikabaki nne. Nimetuma Jumatatu, hajajibu.

Nyumbani walipiga, nikawaambia kuhusu ndege. Baba alinyamaza kidogo nikajua leo naambiwa. Akauliza, "Sasa huyo jike amekubali au hajakubali?" Sasa hivi kila akipiga anaanza na hilo, la tasnifu linakuja baadaye.

Jike amekubali. Tangu juzi anaingia na vitu laini mdomoni, anatandika ndani. Kiota cha tatu hicho kwa hesabu yangu. Nilitegemea dume atapumzika sasa ale maisha, leo asubuhi nafungua dirisha nakuta yuko tawi la pembeni na unyasi mdomoni, anaanza duara lingine.

---

Mchokonozi

Huyo anatafuta PhD, muacheni.